«Todo» ya Wahispania na «-ote» yetu

Katekista anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza ataulizwa siku moja swali hili: padri akivunja hostia, kila mutu anapata kipande cha Yezu? Swali ni la kitoto, lakini hata watu wazima wanalo moyoni, zaidi siku ile hostia zinapokuwa chache na padri anazivunja vipande vidogo kusudi zifikie watu. Jibu tunalijua. Neno la kujibu nalo ndilo linalotusumbua. Katika Kilatini liko wazi. Katika Kihispania liko kwa namna yake. Katika Kiswahili chetu cha Kivu liko vilevile, lakini tumeanza kulipoteza, maana tunaweka «yote» pahali pote. Katika kurasa hizi tutatazama namna Wahispania wanavyotaja kitu kizima na vitu vyote. Wako mafratri na mapadri wanaotumwa kusoma katika inchi ile, na wako wanaosoma vitabu vya watakatifu wake. Hao watapata faida yao. Lakini kusudi letu kubwa ni lingine: mutu akipima lugha ya jirani, anaona vizuri zaidi kilicho nyumbani mwake.

Tuanze na Kilatini, kwa kuwa ndicho mama wa Kihispania. Waroma walikuwa na maneno mawili ya kazi hii. «Totus» ilitaja kitu kimoja kisichopunguka: «tota domus» ni nyumba moja, toka mulango hata chumba cha mwisho. «Omnis» ilihesabu vitu vingi bila kuacha hata kimoja: «omnes homines» ni watu wote. Neno hili la pili likiwa katika umoja lilifanya kazi ya «kila»: «omnis homo», kila mutu. Basi mutu aliyesoma Kilatini hawezi kuchanganya. Neno la kwanza linaangalia kitu na kuuliza: kimepunguka? Neno la pili linaangalia kundi na kuuliza: nani amekosa?

Miaka ikapita, Kilatini cha watu wa Hispania kikageuka kidogo kidogo kuwa lugha nyingine, na katika safari hiyo «omnis» ikakufa. Waitalia wameilinda katika neno lao «ogni», ni kusema kila. Wahispania hawakuilinda, wala Wafaransa. Imebaki tu katika maneno ya shule, na katika neno «ómnibus», gari la watu wote. Kazi yake yote ikaangukia «totus», ambayo katika Kihispania imekuwa «todo». Neno moja sasa linabeba mizigo miwili.

Namna gani basi Muhispania anajua ni muzigo gani unaobebwa? Anajua kwa neno dogo linalofuata. Tufikiri juu ya mukate ulio mezani. «Todo el pan» ni mukate wote: tunasema juu ya mukate mumoja unaojulikana, toka mwanzo hata mwisho wake. «Todos los panes» ni mikate yote, mingi, hakuna uliobaki inje ya hesabu. «Todo pan», bila lile neno dogo «el», ni kila mukate, mukate wowote wa dunia. Ukiondoa herufi mbili tu, umehama toka mukate mumoja na kwenda kwa mikate yote iliyopo na itakayokuwapo. Ndiyo maana katika vitabu vya sheria na vya teolojia utakuta mara nyingi «todo hombre»: ni lugha ya mwenye kuweka kanuni, asiyeacha mutu yeyote inje. Fratri anayesoma haraka haraka na kuruka lile «el» atapotosha maana ya sentensi, na hatajua.

Tazama tena muchana na siku. «Todo el día» ni siku nzima, toka asubuhi hata jioni. «Todos los días» ni siku zote, kila siku. Ukimwambia Muhispania kwamba unasali «todo el día», atashangaa, au atafikiri wewe ni mumonaki.

Lakini «todo el pan» haisemi kwamba mukate haujakatwa. Mutoto aliyekula mukate wote vipande kwa vipande, amekula «todo el pan». Kama tunataka kusema mukate haujaguswa na kisu, Wahispania wana neno lingine: «el pan entero». Hili linatoka katika «integer» ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu kisichoguswa. Mukono haujafika pale. Kwa sababu hiyo neno hilo linafaa hata kwa tabia ya mutu: «un hombre entero» ni mutu munyofu, asiyepotoka. Wanasema pia «todo un hombre», yaani mwanaume kweli kweli, asiyepungukiwa na kitu. Mwandishi Miguel de Unamuno alitumia maneno hayo katika jina la hadisi yake moja inayojulikana sana.

Kuna hatimaye «cada», ambayo ni «kila» ya mumoja mumoja. «Todo hombre» inafunga hesabu. «Cada hombre» inapita katika safu na kumutazama kila mutu usoni. Mapadri watapenda kujua asili ya neno hili. Linatoka katika Kigiriki «kata», na «kata» hiyo ndiyo iliyo ndani ya neno «Katoliki», kwa kuwa Wagiriki walisema «kath' holou», yaani kwa kufuata kitu kizima. Basi neno dogo la Wahispania la kutaja mumoja mumoja, na jina la Kanisa lililoenea ulimwenguni, yana mbegu moja.

Sasa turudi kwetu. Sisi tuna bahati ambayo Wahispania wameipoteza: maneno yetu mawili yako hai. Tuna «-ote» na tuna «-zima», na juu yake tuna «kila», ambayo imekuja toka Kiarabu. «Mukate wote» na «mukate muzima» si kitu kimoja, na mama yeyote wa soko la Virunga anajua hivyo bila kusoma sarufi. Akisema «nimeuzisha mukate wote», hakuna uliobaki. Akisema «nipe mukate muzima», hataki uliokatwa. Yai zima ni lile ambalo halijapasuka. Sahani nzima ni ile isiyovunjika. Na hapa Kiswahili kinapita Kilatini chenyewe, maana «-zima» haisemi tu kwamba kitu hakikukatwa. Inasema pia kwamba kina uhai. Mutu muzima ni mutu aliyekomaa. Ni mutu asiye mugonjwa. Ni mutu ambaye hajakufa. Toka hapo tumepata «uzima», neno tunalolitaja kila tunapoungama imani yetu juu ya uzima wa milele. Jirani zetu wanaosema Kinyarwanda wanajua jambo hilohilo: wana «-ose» ya kuhesabu, wana «muzima» ya mwenye afya, na uhai wanauita «ubuzima». Bantu wa zamani waliona kwamba kitu kinachoishi ni kitu kisichokatika. Hatukulichukua wazo hilo katika buku la filozofia. Tumelikuta katika midomo ya mababu.

Watu wa Goma wana mufano wao wenyewe wa tofauti hiyo. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya muji hata ziwani. Ulifunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukaharibu Katedrali ya Mutakatifu Yozefu, ukatenga mitaa na mitaa. Wengi walisema wakati ule, na wanasema hata leo, «Goma yote iliungua». Kwa hesabu, si kweli: mitaa mingi ilibaki imesimama. Lakini kama wangesema «Goma haikuwa tena nzima», wangesema kweli tupu. Muji ulikuwa na watu, na nyumba, na masoko. Lakini ulikuwa umekatwa vipande viwili kwa mawe meusi yenye moto, na mutu wa upande huu hakuweza kufika upande ule. Kupunguka kwa hesabu ni jambo moja, kukatika ni jambo lingine.

Sasa tuseme kidogo juu ya hatari. Katika usemi wetu wa kila siku, upatano wa maneno unazidi kupungua. Pahali pa «nyumba zote» wengi wanasema «nyumba yote», na maneno hayo hayo yanatumika kwa nyumba moja toka msingi hata bati. Pahali pa «siku zote» wanasema «siku yote». Hatukemei watu: lugha ya soko ina haki yake, na wageni wengi waliokuja kukaa Goma wameelewana kwa sababu ya urahisi huo. Lakini tufikiri juu ya katekista anayesimama mbele ya Wakristu kutangaza mugawo wa posho ya Karitasi. Akisema «jamaa yote ije», wamusikie namna gani? Wengine watafikiri kwamba kila jamaa imealikwa. Wengine watachukua mugonjwa, na muzee, na mutoto mwenye wiki mbili, wakae juani tangu asubuhi, maana wamesikia kwamba jamaa nzima inatakiwa kuonekana. Katika makambi yaliyozunguka muji wetu hata mwanzo wa mwaka 2025, neno la namna hiyo lilikuwa na uzito: kufika au kukosa kulitegemea namna lilivyosikika. Katekista anayesema «jamaa zote, mutu mumoja kwa kila jamaa» amewaokoa watu na taabu, na hakuhitaji kitu kingine isipokuwa sarufi.

Tufike sasa kwenye swali la watoto. Mutaguso Mukubwa wa Trento, katika kikao chake cha 13, mwezi wa Oktoba 1551, ulifundisha kwamba Kristu yumo «totus et integer» chini ya kila umbo, ni kusema chini ya mukate na chini ya divai, na chini ya kila sehemu ya umbo hilo likisha gawanywa. Wateolojia wa Hispania walikuwapo, na baadhi yao walikuwa na sauti kubwa, kama Diego Laínez, Alfonso Salmerón na Melchor Cano. Utaona kwamba Mutaguso haukutosheka na neno moja. «Totus»: hapungukiwi na kitu, mwili, damu, roho na umungu. «Integer»: hakuguswa na kisu wala na meno. Wahispania wamefuata njia hiyo, wanasema Kristu yumo «todo entero», wakiunganisha maneno yao mawili, kama Wafaransa wanavyosema «tout entier». Hawakusema «todo Cristo» peke yake, kwa kuwa «todo» peke yake ingeweza kusikika kama jumla ya vipande.

Na sisi tuseme nini? «Yezu yote», sikio linakataa. «-Ote» katika umoja inapenda kitu, haipendi mutu. Tunasema mukate wote, muji wote, mwili wote. Hatusemi mutu mumoja «wote». Kwa mutu, Kiswahili kinataka «-zima». Basi «Yezu muzima» ndiyo njia. Lakini hapa katekista ajihadhari, kwa sababu ya utajiri uleule tuliousifu. Mutoto akisikia «unapokea Yezu muzima», anaweza kuelewa Yezu asiyekufa, au Yezu aliye mutu mukubwa, tofauti na yule Mutoto wa Noeli. Maana ya kwanza si mbaya hata kidogo. Ni kweli kabisa: tunapokea Yezu aliyefufuka, aliye hai, na ndiyo sababu hawezi kugawanyika, maana kinachoweza kukatwa vipande ni maiti. Lakini bado haijajibu swali la hostia iliyovunjwa. Kwetu inaonekana afazali kuongeza neno: «Yezu muzima, asiyegawanyika», au «Yezu mwenyewe, muzima, katika kila kipande». Neno «kila» hapa ni la lazima. Bila lile, mutoto anabaki na hostia moja kubwa yenye Yezu muzima, na hajui hali ya kipande alichopewa.

Mutakatifu Tomaso, katika sehemu ya tatu ya Summa, swali la 76, anasaidia kwa mufano wa vitu vya kawaida: asili ya kitu iko nzima katika kila sehemu ya kitu hicho. Hewa kidogo ni hewa kweli, mukate kidogo ni mukate kweli. Kwetu tunaweza kuonyesha ziwa Kivu. Tone moja la maji yake si nusu-maji. Ni maji kamili kama ziwa lenyewe. Mufano huu una mupaka wake na katekista auseme: ukitoa maji, ziwa linapunguka, lakini Kristu hapunguki. Tena matone mawili ni maji mengi kupita tone moja, lakini aliyepokea hostia kubwa hakupokea zaidi ya yule aliyepokea kipande. Watoto wanashika hilo upesi. Watu wakubwa ndio wanaochelewa, hasa wale wanaobadilisha mustari kusudi wapokee kwa padri na si kwa katekista.

Jambo lile lile linatokea katika kitubio, na tunaliona kuwa zito kupita ilivyozaniwa. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule wa 1551, katika kikao cha 14, Trento ilifundisha juu ya kuungama dhambi za mauti. Wahispania wanaita ungamo la namna hiyo «íntegra», toka «integer» ileile. Sisi tunafundisha: «uungame dhambi zako zote». Ni sawa. Lakini mutu mwenye woga mwingi anasikia ndani ya «zote» hesabu tu. Anaandika karatasi, anarudi kesho kwa sababu amekumbuka moja, anarudi kesho kutwa. Kumbe Mutaguso wenyewe ulisema kwamba zile ambazo mutu hakumbuki baada ya kujichunguza kwa bidii zinahesabiwa kuwa ndani ya ungamo lake. Kusahau hakuvunji ungamo. Kuficha ndiko kunakolivunja. Ungamo zima si lile lisilosahau kitu, ni lile lisilokatwa kwa kusudi. Padri akisema mbele ya mutu wa namna hiyo «ungamo lako ni zima» pahali pa kumuuliza tena kama amesema «zote», ataona uso wake ukibadilika.

Tupite kwa neno ambalo limesikika sana miaka ya karibuni. Tarehe 3 Agosti 2023, mjini Lisbon, katika mukutano wa vijana wa dunia, Papa Fransisko aliwaambia kwa Kihispania kwamba katika Kanisa kuna nafasi ya watu wote, na akawafanya warudilie naye: «todos, todos, todos». Namna gani kulitafsiri? Wengi wameandika «wote, wote, wote», na hawakukosa. Lakini «todos» ya Kihispania haisemi yenyewe kama ni sisi, ninyi au wale. Kitenzi ndicho kinachochagua. «Todos estamos» ni sisi wote tuko. «Todos están», katika Kihispania cha Amerika ambako Papa huyu alizaliwa, inaweza kuwa ninyi wote muko au wale wote wako. Neno likikaa peke yake, bila kitenzi, linabaki wazi kama mulango usio na kufuli. Kiswahili hakipendi kuacha wazi namna hiyo. Kiswahili cha pwani kina «sote», «nyote» na «wote». Sisi huku tunasema «sisi wote», «ninyi wote», «wale wote». Mutu akisema «wote» tupu, musikilizaji anafikiri upesi juu ya watu wengine, wale wa kule. «Wote wana nafasi»: ndiyo, wapewe, lakini kwa upande gani wa kanisa? Katika paroki ambamo mwenye kiwanja na mukimbizi wanakaa benchi moja, na ambamo watu wanajuana kwa kabila mbele ya kujuana kwa jina, neno «sisi wote» ni gumu kutamka kupita «wote». Tunafikiri kwamba mwenye kuhubiri juu ya maneno yale achague «sisi wote», halafu ataje nani yuko ndani.

Swali lingine linafanana na hili lakini linakwenda upande mwingine. Katika maneno ya kuweka wakfu divai, Kilatini kinasema «pro multis», kwa ajili ya wengi. Kwa miaka mingi Misale ya Hispania iliandika «por todos los hombres», kwa ajili ya watu wote. Tarehe 17 Oktoba 2006 Kardinali Francis Arinze, kwa jina la Idara ya Liturjia, aliandikia mabaraza ya maaskofu kwamba tafsiri zirudi kwa neno lenyewe, pamoja na kuwafundisha watu maana yake. Hispania ilianza Misale yake mupya siku ya Dominika ya kwanza ya Kwarezima, tarehe 5 Machi 2017, na tangu siku ile padri husema «por muchos». Watu waliuliza, na ni vizuri waliuliza: je, Kristu hakufa kwa ajili ya wote?

Alikufa kwa ajili ya wote. Mutume Paulo anafundisha hivyo, na Papa Inosenti wa kumi, mwaka 1653, alikataa mafundisho ya Wajansenisti waliotaka kukana jambo hilo. «Muchos» haikupunguza hesabu. Ni neno la nabii Isaya juu ya Mutumishi anayeteseka, na pale wengi hawapingani na wote: wanapingana na mumoja. Mumoja anakufa, wengi wanaokoka. Lakini katika Kiswahili, kama katika Kihispania, sikio lina desturi yake. Ukisema «watu wengi wamekuja», musikilizaji anaongeza moyoni: si wote. Wafaransa wamejaribu njia yao, «la multitude», kundi lisilohesabika, na neno hilo linafaa kusaidia mafundisho yetu. Hata hivyo padri asibadilishe neno la Misale altareni. Mahubiri na katekisimo ndizo nafasi za kufafanua.

Kwa wanaosoma Kihispania, tuongeze mitego michache na tuipite haraka. «Sobre todo» haisemi «juu ya vyote», inasema «zaidi sana». «Con todo» mara nyingi ni «hata hivyo», si «pamoja na vyote». «Del todo» ni «kabisa», na «no del todo» ni «si kabisa», si «hapana hata kidogo». «No todos» ni baadhi tu hawamo, na tofauti yake na «ninguno», hata mumoja, ni tofauti ya mbali. Tena Mutakatifu Yoane wa Musalaba anaweka «todo» mbele ya «nada», na wasomaji wengi wanafikiri kwamba «nada» tangu asili ni utupu. Asili yake ni Kilatini «nata», kitu kilichozaliwa. Walisema «hakuna kitu kilichozaliwa», halafu sehemu ya kukana ikabakia yenyewe. Kwa hiyo «nada» ya mutakatifu yule inakumbusha viumbe, vile vyote vilivyozaliwa, ambavyo roho inaviacha kusudi ipate «todo».

Tumalizie na «siku zote». Mwisho wa Injili ya Mateo, Bwana anaahidi kuwa pamoja na wanafunzi wake. Kilatini kinatumia pale «omnibus diebus», na Kihispania «todos los días». Muhispania akisikia maneno yale, anasikia lugha ya nyumbani: ni namna ileile anavyosema kwamba anakwenda kazini kila siku, au kwamba anakula mukate kila siku. Anahesabu: Jumatatu, Jumanne, siku ya mvua, siku ya maziko. Kwetu «siku zote», na zaidi sana «siku yote» ya usemi wetu, imekuwa tu neno la kusema «daima», na siku zenyewe hazionekani tena ndani yake. Hatusemi tafsiri ibadilishwe. «Siku zote» ni sahihi na nzuri. Lakini siku ile Injili hiyo inaposomwa, msomaji atamke vizuri ile «z» ya «zote», na mwenye kuhubiri aseme baadaye, kwa maneno mengine, «leo, na kesho, na kila siku inayokuja».